Mafundi dishi, hizo koneta za kuzungusha zimetuchosha

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na mafundi dishi wa hapa Dar. Masika ikianza tu mtaani ni kilio kimoja, "hakuna signo", fundi anaitwa, anapanda juu ya bati, anageuza dishi huku na huku, anachukua hela yake anasepa, mvua ikirudi na tatizo nalo limerudi. Mara nyingi dishi halina kosa jamani, shida ipo pale waya unapoingia kwenye LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea signo), ile koneta, kichuma cha kuunganishia mwisho wa waya, ya kuzungusha kwa mkono. Ile imeng'ang'ania ganda la nje la waya tu, jua na upepo vikiipiga inalegea, maji yanapenya, na huku pwani chumvi ya hewani ndo inamalizia.

Koneta za kubana kwa mashine zipo madukani na kazi yake sio ngumu kihivyo. Unamenya waya wa kati ubaki wazi kama milimita 6, plastiki nyeupe inayouzunguka nayo milimita 6 hivi, zile nyuzi za wavu zilizo chini ya ganda unazirudisha nyuma zote juu ya ganda, hata moja isibaki mbele maana ikigusa waya wa kati ni shoti, si huo huo ndo unapeleka volti 13 au 18 kutoka kwenye king'amuzi kwenda LNB? Halafu sukuma koneta mpaka ukichungulia kwa mbele uone ile plastiki nyeupe imelingana na sakafu ya ndani ya koneta, hapo ndo ubane. Wengi wanabana plastiki ikiwa bado iko nyuma, na ikishabanwa hairudi, ni kukata uanze upya.

Na hivyo visu (wengine meno kabisa!) acheni, nunueni kimenyeo chake. Waya mwingi wa RG6 (huo wa dishi) tunaouziwa katikati ni chuma kilichopakwa shaba, na signo inapita kwenye hiyo shaba ya juu, sasa ukiikwangua na kisu chuma kinabaki wazi kinaanza kutu.

Bei mkiongeza kidogo tutalipa, bora hivyo kuliko kuitana kila mvua. Na wenye nyumba wenzangu, kabla fundi hajapanda mwambie akuonyeshe koneta anayokwenda kufunga, akitoa ya kuzungusha na tepu nyeusi ya kuviringishia juu, mwambie ashuke tu.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam