Kaka wa Makole, popote ulipo, asante

Shikamoo kaka. Jina lako kamili sikuwahi kulijua; watoto wa mtaa tulikuita Kaka tu. Ulikuwa umepanga chumba cha uani pale Makole, Dodoma. Jioni moja umeme ulikatika, ukatuita barazani, ukawasha chemli na kumwaga mkekani dadu za ajabu. Moja ilikuwa na pande 20. Ukasema mchezo unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974: mmoja husimulia hadithi, wengine huigiza wahusika wake, na dadu huamua kama wamefaulu. Ila safari yetu sisi itaanzia Kondoa, kwenye mapango yenye michoro ya kale.

Nilikuwa na kigugumizi. Darasani sikuwa nanyoosha mkono. Wewe ukanipa kazi ya msemaji wa msafara, na langoni mwa mji ukaniuliza, "Mlinzi amekuzuia. Unamwambiaje?" Wenzangu wote wakanigeukia. Hukunimalizia neno hata moja. Ulisubiri na penseli yako mkononi, nikaivuta ile sentensi mpaka ikaisha, ndipo ukaniambia nirushe dadu. Ikaangukia 17, namba kubwa ya kutosha! Lango likafunguka, tukapiga kelele hadi mama mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini.

Ulipopanda treni kwenda Kigoma uliniachia dadu ile. Leo nasuluhisha migogoro ya wakulima na wafugaji huku Chemba. Kigugumizi bado ninacho, nami huwasubiri wengine kama ulivyonisubiri.

Kaka, ukisoma haya, karibu nyumbani. Wanangu wanauliza mle pangoni kulikuwa na nini, maana hukutumalizia.