Mafundi mitambo, ule mngurumo unazuilika

Mhariri naomba nafasi niseme na mafundi mitambo wa huku Mbeya, maana kwaya zinaimba vizuri kabisa ila spika zinanguruma mmmm ibada nzima, inaumiza jamani. Ule mngurumo ni umeme wa hezi 50 (unaotetemeka mara 50 kwa sekunde), mara nyingi unaingia kwa sababu amplifaya ya gitaa na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) vimechomekwa soketi tofauti na ethi, yaani nyaya za usalama ziendazo ardhini, zinazungukana, kwahiyo chomekeni vyote sehemu moja, ukiendelea wekeni kati ya gitaa na mikisa DI boksi, kisanduku cha kupitishia sauti, yenye swichi ya kukata ethi ya sauti, kisha waya wa maiki wa pini tatu hadi kwenye mikisa. Ila pini ya ethi kwenye plagi MSIIKATE, itaua mtu! Na tundu la spika nyuma ya amplifaya msilipeleke kwenye mikisa, mtaunguza chaneli.

Mpiga gitaa, Mwanjelwa, Mbeya