Nyumba mpya, kiyoyozi kipya, ukuta wenye madoa meusi

Kila masika simu tunazopokea sisi mafundi wa viyoyozi zinafanana. Mteja amehamia apatimenti mpya, tuseme Mbezi au Mikocheni, Dar es Salaam. Madirisha ya aluminiamu yanafunga kisawasawa, kiyoyozi ni cha inveta (kinachopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka), na umeme anaonunua kwa LUKU unakaa kuliko alikotoka. Halafu Aprili anasogeza kabati, anakuta ukuta umejaa madoa meusi na suti ya harusi inanuka uvundo. Swali lake la kwanza: "Mna rangi ya kuzuia fangasi?"

Rangi ipo. Ila kuipaka kabla ya kujua unyevu unatoka wapi ni kutupa hela, na kazi hiyo hatuichukui hata mteja akitubembeleza.

Fangasi haisubiri bomba lipasuke. Inataka unyevu na chakula kidogo tu: vumbi, gundi, au ile karatasi inayofunika ubao wa jipsamu. Unyevu wa hewa inayogusa ukuta ukikaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, inaota. Na hapa Pwani unyevu hautafutwi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo mchana wa Machi si jambo la ajabu, inaanza kutoa maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Ndiyo maana soda ikitoka kwenye friji chupa inatoka jasho. Sasa chukua ukuta wa chumba ambacho kiyoyozi kimekesha kwenye nyuzi 18.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba doa mara nyingi halioti chumbani mwenye baridi. Linaota upande wa pili. Chumba chenye kiyoyozi huwa kikavu kwa sababu mashine inakamua maji hewani na kuyatoa nje kwa ule mpira unaodondosha. Lakini baridi imeshapenya tofali hadi koridoni, ambako hakuna kiyoyozi na hewa ni ileile ya nje. Hewa hiyo ikigusa ukuta uliopoa, inaacha maji. Kwenye maghorofa ni kichekesho zaidi: jirani wa juu akilala kwenye nyuzi 16, zege linapoa, na dari ya sebule yako wewe wa chini ndiyo inayoota. Utamlaumu fundi bomba bure.

Wazee wa mwambao hawakuwa na shida ya namna hii, na si kwa sababu walijenga kwa uchawi. Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, za mawe ya matumbawe na chokaa, zilikuwa na dari ndefu na hewa inayopita. Ndani hapakupozwa kwa mashine, kwa hiyo hewa yenye joto la nje haikukutana na ukuta wa baridi kiasi hicho. Hatumshauri mtu arudi huko. Nyumba iliyozibwa vizuri inaokoa umeme kweli, na sisi tunaishi kwa kufunga viyoyozi. Ila ukishaziba hewa, unyevu nao unautafutia njia yake ya kutokea. Marekani walijifunza hilo kwa gharama: bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 walianza kuziba majengo, na mwaka 1981 chama cha wahandisi wa viyoyozi, ASHRAE, kilishusha kiwango cha chini cha hewa safi ya ofisini hadi futi za ujazo 5 kwa dakika kwa kila mtu. Malalamiko ya watu kuumwa kutokana na majengo yalikuwa mengi, na mwaka 1989 kiwango cha ofisini kikapandishwa hadi 20.

Kosa tunalolikuta zaidi Dar es Salaam ni kiyoyozi kikubwa kupita chumba. Muuzaji anakwambia chukua cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) "ili kisichoke", wakati chumba kinahitaji 9,000 au 12,000. Mashine inapoza upesi, inapumzika, na maji yaliyojikusanya kama umande kwenye koili, yale mabomba ya baridi ndani ya mashine, yanapeperushwa na feni kurudi chumbani kabla hayajadondoka. Unabaki na chumba cha baridi chenye mashuka ya ubichiubichi, unashusha tena nyuzi, na ukuta unazidi kupoa. Inveta inapunguza tatizo hili, hailiondoi.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ambao tunaomba uuache: kufungua madirisha ili "hewa ipite" huku kiyoyozi kinawaka. Ushauri huo ni wa nchi za baridi, ambako hewa ya nje wakati wa kipupwe ina maji kidogo. Hapa masika ukifungua dirisha umeyakaribisha maji ndani. Chagua moja: fungua uzime, au washa ufunge. Feni ya bafuni na ya jikoni ni habari nyingine, hizo ziwake ukioga na ukipika. Hakikisha tu zinatoa hewa nje ya jengo. Tumepanda kwenye dari nyingi tukakuta bomba la feni limeishia humohumo juu ya jipsamu.

Kabla hujatupigia, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha foili ya jikoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Umande ukionekana upande wa chumbani, maji yanatoka hewani. Ukikuta nyuma ya foili kumelowa, maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba, paa, au msingi unaonyonya. Hapo mwite fundi bomba au fundi ujenzi kwanza, sisi hutuhitaji bado.

Kama ni hewa, weka kiyoyozi nyuzi 25 au 26 na usaidie na feni ya kawaida. Siku za mvua tumia alama ya tone la maji kwenye rimoti, ile ya kukausha hewa. Sogeza kabati liache nafasi ya kiganja na ukuta. Nguo zisianikwe chumbani. Nunua kipima unyevu kidogo, na lengo lako liwe chini ya asilimia 60.

Doa dogo kwenye ukuta mgumu lisugue kwa maji na sabuni, umevaa barakoa na glavu, kisha ukaushe kabisa. Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, hewa yake ni sumu. Jipsamu iliyolowa na kuota haisafishwi, inakatwa. Mwenye pumu asiifanye kazi hii.

Eneo likizidi kama mita moja ya mraba, tuite. Tunakuja na vipimo vya unyevu na joto la ukuta, tunakagua ukubwa wa kiyoyozi, mpira wa maji na feni, kisha tunakuandikia kinachotakiwa kufanyika na kwa mpangilio gani. Tutumie kwanza picha ya doa, picha ya upande wa pili wa ukuta huo, na nyuzi unazolalia. Mpangaji, mjulishe mwenye nyumba kabla hatujaja, maana kukata jipsamu kunahitaji ruhusa yake.