Tuhuma dhidi ya soka zipimwe moja moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu lawama ambazo zimekuwa zikisikika misikitini na makanisani, kwenye makongamano ya utamaduni na hata katika kurasa za barua kama huu, kwamba mpira wa miguu umeuteka utamaduni wetu na unauharibu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nilizipenda ngoma za asili kabla sijaupenda mpira, kwa hiyo lawama hizo sizipuuzi hata kidogo. Ninachopinga ni kuzitoa zote kwa pamoja, kana kwamba anayekubali moja amezikubali zote. Nyingine hazina msingi, nyingine zina ukweli ila anayelaumiwa siye mkosaji, na ipo moja ambayo naiona nzito kuliko hata wanaoitoa wanavyodhani.

Inayosikika zaidi ni kwamba soka ni mchezo wa wageni. Ni kweli uliletwa: wamisionari wa Kianglikana waliucheza na wanafunzi wao katika shule ya Kiungani, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye shule na ofisi za kikoloni zikaueneza. Lakini asili ya kitu haitoshi kukihukumu. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi na gwaride za Wazungu, kisha vyama vyake vya Marini na Arinoti vikaenea mpaka bara, na leo anayeandika historia ya ngoma zetu hawezi kuiacha beni. Tena kilichoufanya mpira ushike kasi hapa kwetu ni kwamba uliwakuta watu wameshazoea kugawanyika pande mbili na kushindana hadharani bila kuumizana.

Hapa Usukumani, ninakoandikia, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na kila mwaka hukutana Bujora, karibu na jiji la Mwanza, katika sherehe za Bulabo. Aliyewahi kusimama pale anajua mambo yanavyokwenda. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi kutoka kwa mwenzake. Ndiyo maana mmoja huleta chatu, mwingine fisi, na umati hukimbilia upande huu, ukasikia vigelegele upande wa pili, ukageuka wote huku vumbi likitanda. Kila upande una waganga wake wanaoaminika kuwa na dawa ya kuvuta watu. Mtu aliyekulia katika mazingira hayo hahitaji kufundishwa dabi ya Kariakoo, yaani mechi ya Simba na Yanga, ni nini, wala hashangai akisikia uvumi wa ushirikina kabla ya mechi. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo tangu mwaka 1971 tunaiita Simba. Zote mbili zilirithi tabia hiyo ya ushindani, na zikarithi pia utani, ambao tangu zamani uliwaruhusu watu kusemana vikali msibani na harusini kisha wakala sahani moja.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba soka yenyewe ndiyo inayowagawa watu. Nimeingia nyumba nyingi ambamo baba ni Simba na watoto ni Yanga, na kabila au dini ya mtu haikusaidii kujua anashangilia nani. Kwa majirani zetu wa Kenya historia ilikwenda njia nyingine, klabu kubwa zikatokana na jumuiya za kikabila, mpaka serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Mchezo ni ule ule. Tofauti ni namna jamii zenyewe zilivyojipanga.

Kuna wanaodai kwamba mpira ni kasumba inayowasahaulisha vijana mambo ya nchi. Hoja hii ina pande mbili, na nitaanza na ule unaowapa haki wanaoitoa. Mechi ya watani iliyopangwa Machi 8, 2025 iliahirishwa na ikachezwa Juni 25, na katika kipindi chote hicho, mwaka wa uchaguzi mkuu, mabishano kuhusu kanuni za ligi yalichukua muda wa redio na mazungumzo ya vijiweni kuliko jambo lingine lolote nililolisikia. Viongozi nao wanaijua nguvu hiyo; tangu mwaka 2023 tumezoea kusikia zawadi ya Rais kwa kila bao la klabu zetu katika mashindano ya Afrika, iliyoanza na shilingi milioni 5. Hata hivyo, historia inatueleza kwamba klabu hizi zilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika chini ya mkoloni alichagua viongozi wake, akakusanya ada na kutunza daftari la mahesabu, na ukaribu wa Yanga na chama cha TANU wakati wa kudai uhuru unajulikana. Kijana wa leo anayeweza kukueleza bila kusita klabu ya London imemnunua mchezaji kwa kiasi gani na mkataba wake unaisha lini, ana akili ya kutosha kuisoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji chake. Pale ninapoishi taarifa hiyo haibandikwi mahali popote. Nikiulizwa kwa nini vijana hawaji mkutanoni, nitaanza na jambo hilo kabla sijagusa mpira.

Kuhusu kubeti, sina la kutetea. Ingia banda umiza lolote, yaani kibanda cha kuonyeshea mpira, Jumamosi jioni: kiingilio kimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni pamoja na saa za mechi, ndani kuna mabenchi ya mbao na runinga mbili, na utawaona vijana waliolipa kuangalia mechi lakini macho yao yako kwenye simu, kwa sababu mkeka, yaani orodha ya mechi walizobashiri, una timu kumi na mbili na uliobaki kuharibu ni mchezo wa nchi ambayo hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Bao safi likifungwa, anayeshangilia si mpenzi wa timu wala wa mchezo. Nimewaona wengine wakiweka hela ya mbolea. Huu ni uharibifu, na unaanza kuila hata ile furaha ambayo mpira ulitupatia. Lakini Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu mwaka 2003, bodi ya kuisimamia ipo, na kampuni zinapewa leseni. Klabu zetu kubwa zote mbili zimewahi kuvaa fulana zenye jina la kampuni ya kubashiri, na magazeti yanauza nafasi za matangazo yake. Tukisema mpira ndio umewaharibu vijana, wote hao tunawaacha waende zao.

Ninafika sasa kwenye lawama ninayoikubali. Soka imemeza michezo mingine, nasi tumekubali. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Medali pekee ambazo nchi hii imewahi kupata katika Olimpiki ni mbili za fedha za Moscow mwaka 1980, ya Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Septemba 2025, Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo, akimshinda Mjerumani kwa sehemu ndogo ya sekunde baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili. Taifa Stars, ambayo ninaipenda, ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, kisha tukasubiri miaka 39 kuiona tena huko. Silinganishi ili kuidharau timu ya taifa. Nauliza tu ni mtoto gani wa darasa la sita leo anayemjua Nyambui, na ni shule ngapi zenye njia ya kukimbilia iliyochorwa hata kwa chokaa. Nilipokuwa nafundisha, wasichana wa netiboli walisubiri wavulana wamalize mpira ndipo wapewe uwanja, na mara nyingi jua lilikuwa limeshazama. Hata soka ya wanawake imeonja adha hiyo: Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika mwaka 2022, na sherehe yake haikukaribia zile ambazo wenzao wa kiume hufanyiwa kwa kushinda mechi moja ya ligi.

Hapa mpira haukumnyang'anya mtu kitu kwa nguvu. Walimu tuligawa muda vibaya, halmashauri zikagawa fedha vibaya, na ninyi wahariri mkagawa kurasa vibaya. Mtoto asiyesoma kamwe habari za riadha hawezi kutamani kuwa mkimbiaji.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba gazeti lako litenge ukurasa mmoja kila wiki kwa ajili ya riadha, netiboli, mashindano ya shule na ngoma za ushindani, na ukurasa huo usiondolewe wiki ya dabi. Matangazo ya kubashiri yasiwekwe juu yake, kwa kuwa wasomaji wake wengi watakuwa watoto. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa kawaida hufanyika Juni, na Bulabo pia huwa karibu na wakati huo; mwandishi mmoja akipewa siku chache Bujora na mpiga picha, atarudi na habari za kutosha kuanzia.

Mwalimu mstaafu,
Magu, Mwanza