Sado ya dagaa kwenye kishikwambi

Nyegezi, Mwanza
Jumapili jioni

Shosti wangu Neema,

Mambo? Za Nansio, na mama mguu unaendeleaje? Nakuandikia maana kukupigia simu nimechoka, netiweki ya huko mpaka mtu upande kwenye jiwe.

Unakumbuka nilivyokulilia kuhusu darasa langu la nne na hesabu za sehemu? Yani mtoto ukimtuma dukani robo ya sukari ukampa hela ya nusu kilo anakurudishia chenji sawasawa, afu huyohuyo ukimwandikia ubaoni 1/4 na 1/2 ipi kubwa anakwambia 1/4, eti kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 2. Na 1/2 jumlisha 1/3 wanakuletea 2/5, juu kwa juu chini kwa chini, tena kwa mwandiko mzuri.

Sasa kuna michezo inaitwa PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, ni bure, unaishusha ukiwa na bando afu inafanya kazi hata bila intaneti. Nikaiweka kwenye kile kishikwambi tulichogawiwa baada ya sensa ya 2022 (changu kilikuwa cha tamthilia tu, usinitangaze). Ule wa utangulizi wa sehemu una duara, keki, mstari wa namba na chombo cha maji chenye alama. Keki nikaiacha, nikaenda kwenye chombo nikawaambia hii ni sado ya dagaa. Ukiongeza asili, ile namba ya chini, vipande vinakuwa vingi na kila kimoja kinakuwa chembamba. Kuna kabinti mama yake anauza dagaa Mwaloni, kakatazama wee kimya, afu kakasema mwalimu kumbe sado moja wakigawana wanne kila mtu anapata kidogo kuliko wakiwa wawili. Neema! Mimi hayohayo nimeyaimba wiki mbili.

Ila siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Kishikwambi kimoja, watoto sabini na kitu, anayekishika anabonyeza bonyeza hadi ikubali, anashangilia, ukimuuliza kwanini hajui. Kesho yake nikaweka sheria, kikundi kinaandika jibu kwenye daftari kwanza na mmoja anatoa sababu, ndo wanabonyeza. Kelele hazikupungua ila sasa ni za kubishana hesabu, hizo nazivumilia. Na yule kijana ambae tangu mwaka uanze hajawahi kunyoosha kidole anakosea hata mara tatu na bado anaendelea, nadhani kwa sababu kile kioo hakimkunjii uso kama mimi.

Kilichonishinda ni mstari wa namba. 3/4 wanaiweka palepale kwenye 3, kwao ni vipande vitatu vya kitu fulani, sio namba yenye sehemu yake kati ya 0 na 1. Nawaza niwachoree mstari mrefu uwanjani kwa majivu, kutoka 0 mpaka 2, kila mtoto apewe namba yake akasimame anapoona pake, afu wenzie wambishie. We ulishawahi kujaribu? Au una njia nyingine nambie kabla ya Jumatano.

Kaka yako akipanda meli nitampa flashi yenye hiyo michezo. Humo kuna na picha za harusi ya mdogo wangu, chondechonde usizifute.

Wako,
Ticha Rehema