Mnadani tunaulizwa bei, kijijini tunaulizwa chama

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kundi ambalo halina msemaji: wapiga kura tusio na kadi ya chama chochote. Huku Mtwara na Lindi tuko wengi, na wengi wetu tumekata tamaa. Si kwamba mambo ya nchi hayatuhusu. Tumechoka kwa sababu kila penye jambo la watu wote pamechomekwa bendera, na anayebaki katikati upande mmoja unamwita chawa, upande wa pili unamwita msaliti.

Nianzie kwenye mnada wa korosho, maana huko ndiko inakoonekana kwamba watu wa mikoa hii wanaweza kuamua pamoja. Stakabadhi ghalani ilianza huku msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), zinapimwa, zinaangaliwa daraja, anapewa stakabadhi yake, kisha mzigo unakwenda ghala kuu. Siku ya mnada bei za wanunuzi zinatajwa, ya juu na ya chini, na wakulima wanaulizwa: tunauza au hatuuzi? Miaka mingi zilikuwa barua zinazofunguliwa mbele ya watu. Tangu msimu wa 2024/25 bei zinapitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa. Swali halijabadilika. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walisikia bei, wakajibu hatuuzi, na nchi nzima ikajua. Pale hakuna anayedai kuona kadi ya mwenzake, kwa sababu kilo ya mwenye kadi na kilo ya asiye nayo zinauzwa bei ile ile.

Mnada una kasoro zake. Malipo huchelewa, makato ni mengi, na kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo nje ya mnada, haijaisha. Lakini mkulima anaijua kila hatua na anajua zamu yake ya kusema ni ipi.

Sasa tutazame mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano huu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria haitaji kadi. Unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mbele yake halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inatoa hesabu ya mapato na matumizi. Hapo ndipo mgawanyiko unapotuumiza zaidi, kuliko hata kelele za kampeni, na hauingii kwa kishindo. Unaingia kidogo kidogo.

Tangazo linapitishwa jioni, mkutano kesho asubuhi. Siku yenyewe kunaanza salamu za wageni wa chama, mashati na kofia za rangi yao, nyimbo. Mapato na matumizi yanasogezwa hadi saa nane, jua limewaka, kina mama wengi wameshaondoka kwenda kupika. Kisha inasomwa taarifa ya jumla: yameingia kiasi hiki, yametoka kiasi hiki, bakaa ni hii. Stakabadhi hazionyeshwi. Mtu ananyoosha mkono, anauliza mchango wa darasa ulinunua mifuko mingapi ya saruji, mingapi imetumika na mingapi iko stoo. Saruji ni kitu cha kuhesabika. Fundi anaweza kusema kila mfuko umetoa tofali ngapi. Badala ya idadi anarudishiwa swali: wewe ni wa chama gani?

Swali hilo ndilo linaloua kijiji. Aliyeuliza anakaa chini. Mkutano unaofuata haji, na ndugu zake hawaji. Wakiwa wachache, mambo yanaamuliwa na halmashauri ya kijiji peke yake, na mchango unapotangazwa tena nusu ya kaya zinasema hilo ni darasa la wenye chama. Ukuta unaishia kwenye linta. Hata orodha ya pembejeo ikitoka, tetesi kwamba majina yalipangwa kwa kadi zinatosha kuanzisha ugomvi, na msimu wa kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, haungoji ugomvi uishe. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ukishashika maua machanga, salfa inayofika baada ya hapo haiyarudishi.

Mwenyekiti anapata wapi ujasiri wa kumjibu mkazi hivyo? Anaupata kwa sababu hakuihitaji kura yake. Uchaguzi wa vijiji wa 2019, vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa kwenye fomu. Ule wa Novemba 27, 2024 ulisimamiwa tena na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ambayo wakati huo ilikuwa Ofisi ya Rais, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi yale yale, na CCM ikatangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya vijiji. Fomu ikikwama kwa jina lililoandikwa tofauti na la kwenye orodha au kwa sehemu iliyoachwa wazi, ingetosha mgombea kuitwa asahihishe siku hiyo hiyo. Akienguliwa, anayebaki anapita bila kupingwa, na aliyepita hivyo anamjibu aliyempitisha.

Vyama vya upinzani navyo havijatutendea haki. Mwaka 2015 wananchi wa Liwale walimchagua mbunge kwa tiketi ya CUF. Mwaka 2018 akahamia CCM, uchaguzi mdogo ukaitishwa kwa fedha za umma, akarudi bungeni mtu yule yule. Mpiga kura aliyesimama foleni 2015 hakuulizwa lolote. Miaka miwili baadaye, jimbo la jirani la Ruangwa lilipata mbunge bila kupiga kura ya ubunge, kwa kuwa hakubaki mpinzani.

Ukitaka kugombea mwenyewe bila bendera, mlango umefungwa. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama, halafu ibara ya 39 na ya 67 zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba kukataza mgombea binafsi kunavunja haki. Katazo lipo mpaka leo, hadi kwenye uenyekiti wa kitongoji, ambako watu wanajuana kwa majina ya babu zao.

Watu wa Mtwara tunajua pa kufikia iwapo watu hawana pa kuuliza. Januari na Mei 2013 swali lilikuwa la gesi yetu iliyopangwa kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba: sisi tutabaki na nini. Lilikosa kikao cha kulijibu kwa tarakimu, likajibiwa barabarani, watu wakafa na nyumba zikachomwa. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nchi ikaona vifo tena, na intaneti ikazimwa. Baada ya siku ile wapo wanaosema hawatapiga kura tena maisha yao. Siwalaumu, ila naumia kuwasikia.

Ninaloomba kwa sasa ni dogo. Wakurugenzi wa halmashauri zetu wawaagize watendaji wa vijiji kubandika tangazo na ajenda siku saba kabla ya mkutano, mapato na matumizi yawe ajenda ya kwanza na stakabadhi ziwe mezani, wageni wasalimie mwisho. Mashati na kofia za chama zibaki nyumbani siku hiyo. Na mkazi akiulizwa chama chake kabla hajajibiwa hoja yake, mtendaji, ambaye ndiye katibu wa kikao, aliandike swali hilo kwenye muhtasari pamoja na jina la aliyeliuliza, lisomwe mkutano unaofuata kabla ya yatokanayo.

Mpiga kura,
Newala, Mtwara