LED inawaka na kuzima ghafla, haififii? Usinunue nyingine kwanza

Juzi mteja aliingia dukani kwetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, akiomba LED ya tatu. Anatengeneza bango la saluni ya dada yake kule Katuba, na anataka liwake polepole na kufifia polepole. Alipojaribu kwa LED moja alipata giza, halafu ghafla mwanga wote, halafu giza tena. Hatukumuuzia. Zile mbili za kwanza zilikuwa nzima.

Kosa lilikuwa kwenye mguu (pini), yaani tundu la kadi linalochomekwa waya. Waya aliuchomeka namba 7 ya Arduino Uno (kadi ndogo inayoendeshwa na programu; hapa ni ile ya R3), na mguu huo hauwezi kufifisha taa. Kusema kweli hakuna mguu wa Uno unaotoa volti 2 au 3 ukiuamuru analogWrite, amri ya programu ya kupanga mwanga: ni volti 5 au sifuri, basi. Taa inaonekana hafifu kwa sababu inawashwa na kuzimwa mara 490 hivi au zaidi kwa sekunde, upesi ambao jicho haliufuati. Ikiwaka robo tu ya muda huo, unaona mwanga mdogo. Kazi hiyo inaitwa PWM, na miguu inayoiweza ni 6 tu: 3, 5, 6, 9, 10 na 11. Pembeni ya namba zake kuna kiwimbi (~), ila kwenye kadi za bei nafuu mara nyingine hakisomeki, kwa hiyo zishike kichwani.

Mguu mwingine ukipewa amri ileile haulalamiki, na hapo ndipo watu wanapoteza siku nzima. Namba ya mwanga unayoiandika kwenye amri (0 hadi 255) ikiwa chini ya 128, unazima. Ikifika 128, unawasha mwanga wote. Kwa hiyo taa ikikaa gizani nusu ya muda na kuwaka nusu, sisi tunatazama mguu kabla ya kitu kingine chochote. Hamishia waya kwenye 9, na ubadilishe namba ya mguu ndani ya programu pia. Hili la pili wengi wanalisahau.

Miguu A0 hadi A5 nayo inapotosha kwa jina. Uanalogi wake ni wa kusoma, kwa mfano potenshomita (kitufe cha kuzungusha), si wa kutoa.

Kuna kijana mwingine aliyetumia 9 vizuri kabisa na taa ikakataa. Programu yake ilikuwa inaendesha pia mota ya servo, na kwenye Uno maktaba ya Servo (programu ya ziada ya kuendesha mota hiyo) inaondoa PWM kwenye 9 na 10. Tulihamia 6, ikakubali.

Kwa bango lenyewe, usibebeshe mguu mmoja LED nyingi: miliampea 20 zinatosha, yaani LED moja na rezista yake ya omu 220. Zikizidi, weka transista ibebe umeme huo badala ya mguu. Tunazo.

Ukija, leta kadi na waya vilevile ulivyounganisha, usichomoe kitu, pamoja na programu yako kwenye flashi. Kuangalia hatutozi, na umeme ukikatika tunapimia kwenye betri.